Mabaki kwenye mti wa porti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaosimamia mashine za FreeBSD (mfumo endeshi huria wa jamii ya Unix) hapa Uganda: maabara za shule, ofisi za mashirika, seva ndogo za biashara kuanzia Kampala hadi Gulu, Mbarara na Arua. Unashughulikia tatizo moja. Umesasisha mti wa porti (mkusanyo wa maelekezo ya kujenga programu; kila programu ina folda yake, nayo ndiyo porti), yote yakaonekana kwenda sawa, halafu porti iliyokuwa ikijengwa bila shida mwezi uliopita inagoma. Mara nyingi porti yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye faili za zamani zilizobaki mahali ambapo hazikutakiwa kubaki.

Ushauri utakaoupata kila mahali ni kwamba ufute kila kitu na kupakua upya. Hapa kwetu data hununuliwa kwa bando, na tangu Julai 2021 inatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo ushauri huo unamtoa mtu pesa nyingi bila sababu. Mabaki yana mahali pake. Ukijua yako wapi, utafuta faili moja au folda moja na kuendelea na kazi.

## Mabaki hukaa wapi hasa?

Sehemu tano, na kila moja ina dawa yake:

- ndani ya mti wenyewe, `/usr/ports`, hasa kwenye folda za `files` za kila porti;
- kwenye folda za kazi, zile zinazoitwa `work`, ambamo porti hufunguliwa na kujengwa;
- kwenye `distfiles`, ambamo hukaa msimbo asilia uliopakuliwa;
- kwenye mipangilio: chaguo zilizohifadhiwa `/var/db/ports` na mistari ya zamani ya `/etc/make.conf`;
- kwenye mfumo uliokwisha kusakinishwa, hasa maktaba za zamani ndani ya `/usr/local/lib`.

Watu wengi hufuta sehemu ya kwanza, ambayo kuipakua tena ni gharama, kumbe tatizo liko sehemu ya pili, ambayo kuifuta ni bure kabisa. Anza na `make clean` ndani ya folda ya porti. Isipofaa, ndipo uendelee kusoma.

## Ninaona kiraka kimekataa kuingia. Hilo ni kosa la nani?

Huu ndio mfano bora wa mabaki, kwa hiyo tuutazame kwa karibu.

Kila porti inaweza kuwa na folda iitwayo `files`, na ndani yake viraka: faili ndogo zenye jina linaloanza na `patch-`, zinazorekebisha msimbo asilia ili ujengeke kwenye FreeBSD. Wakati wa kujenga, mfumo wa porti hauangalii orodha yoyote. Unaingia `files`, unachukua kila kitu kinachoanza na `patch-` na kukipachika. Unaruka tu majina yanayoishia na `.orig`, `.rej`, `~` au `,v`.

Sasa tuseme toleo jipya la programu limekuja, na waandishi wake wameshakubali rekebisho lile. Mtunzaji wa porti anafuta kiraka, kwa kuwa hakihitajiki tena. Kwako, kwa sababu yoyote ile, kiraka hakikufutika. Ukijenga, mfumo unajaribu kupachika rekebisho ambalo tayari limo, na skrini inakuambia `Ignoring previously applied (or reversed) patch`, au inataja mafungu kadhaa yaliyoshindwa. Porti ni nzima na msimbo ni mzima. Kilichozidi ni faili moja.

Kuna namna nyingine ya kujiletea shida hii kwa mkono. Mtu anahariri kiraka, na kwa uangalifu anahifadhi nakala ya awali pembeni kwa jina kama `patch-src_main.c.zamani`. Jina hilo bado linaanza na `patch-`, na haliishii na mojawapo ya viishio vinavyorukwa, kwa hiyo nakala nayo inapachikwa. Nakala zako ziweke nje ya mti.

Kuhakikisha:

```
cd /usr/ports/www/jina-la-porti
git status --ignored .
```

Kila kitakachotajwa kuwa hakifuatiliwi na git (zana inayoleta mti na kufuatilia mabadiliko yake) hakikutoka kwenye mradi. Kimetoka kwako, kwa aliyekutangulia, au kwenye usasishaji wa zamani.

## Kwa nini git haikufuta faili hizo yenyewe?

Kwa sababu git hufuta tu kile inachokijua. Faili iliyoingia kwa njia nyingine haihesabu kuwa yake, na haiigusi. Faili hizo huingia kwa njia tatu.

Kwanza, historia. Mti wa porti ulianza 1994 ukiwa kwenye CVS, ukahamia Subversion 2012, kisha Git 2021, zote zana za kufuatilia mabadiliko ya faili. Kando ya njia hizo palikuwa na `portsnap`, zana ya kupakua mti, ambayo iliondolewa kwenye FreeBSD 14. Mashine iliyohudumu miaka mingi inaweza kuwa imepita mikononi mwa njia hizo zote, na kila moja ikaacha masalia.

Pili, kunakili juu. Mtu anapata mti mpya kwenye flashi, anaumwaga juu ya ule wa zamani kwa `cp -R` au `tar`. Faili mpya zinaingia, zilizobadilika zinaandikwa upya, lakini zilizofutwa na mradi zinabaki pale pale, kwa kuwa hakuna aliyeziambia ziondoke. Kwetu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, maana flashi husafiri kuliko data.

Tatu, folda za kazi. Porti ikiondolewa kwenye mradi, git inafuta faili zake, lakini ikikuta ndani mna `work` uliyoiacha wewe, folda haiwezi kuondoka. Unabaki na folda ya porti isiyo na `Makefile`. Ukiingia na kuandika `make`, hakuna kitakachofanyika.

## Mti wangu ulitoka kwa portsnap. Nihamie git vipi bila kupoteza nilivyopakua?

Usijaribu kugeuza mti wa portsnap uwe wa git juu kwa juu. Git itakataa kuandika kwenye folda yenye vitu, na ina haki. Toa kwanza kilicho cha thamani, yaani `distfiles`:

```
mkdir -p /var/ports
mv /usr/ports/distfiles /var/ports/distfiles
```

Kisha futa yaliyomo `/usr/ports`, pamoja na faili zilizofichwa zinazoanza na nukta. Kama `/usr/ports` ni sehemu inayojitegemea (dataset) ya mfumo wa faili wa ZFS, folda yenyewe haitafutika. Futa vilivyomo tu. Baada ya hapo:

```
git clone --depth 1 https://git.FreeBSD.org/ports.git /usr/ports
```

Hiyo `--depth 1` usiisahau. Bila hiyo utapakua historia yote tangu 1994, na wewe unahitaji hali ya leo tu. Folda ya `/var/db/portsnap` haina kazi tena. Ifute upate nafasi.

Halafu fanya jambo hili moja ambalo, kwa maoni yangu, linazuia matatizo mengi kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu. Andika kwenye `/etc/make.conf`:

```
DISTDIR=/var/ports/distfiles
WRKDIRPREFIX=/var/ports/kazi
```

Kuanzia hapo vilivyopakuliwa na folda za kazi vinakaa nje ya mti. Ndani ya `/usr/ports` hakuna anayeandika isipokuwa git. Ukitaka kusafisha kazi zote unafuta `/var/ports/kazi` bila woga, na hata mti ukiharibika kabisa, distfiles zako ziko salama.

## git pull inakataa, inasema mabadiliko yangu yatafutwa.

Kuna faili ndani ya mti iliyohaririwa mahali hapo, na mradi nao umeibadilisha. Tazama ni ipi na imebadilishwa nini:

```
git -C /usr/ports status
git -C /usr/ports diff
```

Kama badiliko hulihitaji, `git -C /usr/ports restore .` inarudisha kila faili inayofuatiliwa kwenye hali yake. Kama unalihitaji, lihifadhi kwa `git stash`, sasisha, kisha `git stash pop`.

Ikisema badala yake kwamba faili zisizofuatiliwa zitaandikwa juu, basi ni mabaki ya kunakili. Hapo unahitaji `git clean`, na hapa naomba twende polepole, kwa sababu amri hii haina kurudi nyuma. Anza kila mara na herufi `n`, inayoonyesha bila kufuta:

```
git -C /usr/ports clean -nd
```

Soma orodha yote. Ukiridhika, weka `f` mahali pa `n`. Ukiongeza `x`, git itafuta hata vitu ilivyoagizwa kuvipuuza, na humo mna folda za kazi, faili za INDEX na, kama hukuzihamisha, distfiles zote. Gigabaiti ulizozipakua usiku kwa usiku zinaondoka kwa sekunde chache. Ukihitaji `x`, zikinge:

```
git -C /usr/ports clean -fdx -e distfiles
```

## Umeme ulikatika katikati ya kusasisha. Sasa git haifanyi chochote.

Inalalamika kuhusu faili iitwayo `index.lock`. Hicho ni kifuli ambacho git hujiwekea inapofanya kazi. Umeme ulipokwenda, hakikupata wa kukiondoa. Hakikisha kwanza hakuna git inayoendelea, kisha ukiondoe:

```
pgrep -l git
rm /usr/ports/.git/index.lock
git -C /usr/ports status
```

Mara nyingi utakuta nusu ya faili ni mpya na nusu ni za zamani. `git -C /usr/ports restore .` ikifuatwa na `git -C /usr/ports pull --ff-only` inatosha.

Kama inasema kitu fulani ndani ya ghala lake ni kitupu au kimeharibika, tafuta faili za ukubwa sifuri:

```
find /usr/ports/.git/objects -type f -empty
```

Zifute, kisha `git fetch` tena. Ikishindikana, ndipo mti ufutwe na uchukuliwe upya. Hapo ni halali.

Kumbuka pia kwamba `git clone` haiendelei ilipoishia. Ikikatika, unaanza upya na data iliyotumika imeshakwenda. Ifanye wakati betri ya UPS imejaa, na kama unaweza, kwa bando la usiku.

## Umeme ulikatika wakati wa kujenga, si wa kusasisha.

Mfumo wa porti unaweka alama ndani ya `work` kila hatua inapokamilika: umefungua, umepachika viraka, umesanidi, umejenga. Ukiendesha `make` tena inaanzia kwenye alama ya mwisho. Hilo linafaa umeme ukirudi siku hiyo hiyo. Halifai kabisa kama katikati umesasisha mti, kwa sababu alama ni za toleo la zamani na maelekezo ni ya jipya. `make clean`, halafu uanze.

Kusafisha kazi zote zilizosahaulika ndani ya mti mzima, amri hii ni ya haraka kuliko `make clean` inayopita porti zaidi ya 30,000:

```
find /usr/ports -mindepth 3 -maxdepth 3 -type d -name 'work*' -exec rm -rf {} +
```

Nyota baada ya `work` ina sababu: porti zenye ladha (flavors, yaani zinazoweza kujengwa kwa namna kadhaa), kama zile za Python, huweka kazi zake kwenye folda kama `work-py311`.

## Checksum haikubaliani. Nimefuta na kupakua tena, bado.

Kila porti ina faili ya `distinfo` yenye ukubwa na alama ya SHA256 (hiyo ndiyo checksum) ya kila faili inayohitajika. Isipolingana, kitu ulichonacho sicho. Kabla ya kulipia upakuaji wa pili, kitazame:

```
cd /usr/ports/distfiles
ls -l jina-la-faili.tar.gz
file jina-la-faili.tar.gz
```

Kama umehamisha `DISTDIR`, tazama huko. Ukiambiwa faili hiyo ya tar ni waraka wa HTML, jibu umelipata. Wi-Fi ya hoteli, ya hosteli au ya ofisi ilikuletea ukurasa wake wa kuingia, na mashine ikauhifadhi kwa jina la programu. Fungua kivinjari, ingia kwenye mtandao huo, futa faili hiyo moja, rudia.

Kama ukubwa ni pungufu, upakuaji ulikatika. Mfumo wa porti una desturi nzuri ya kuendelea ulipoishia, na kwenye mitandao yetu hiyo ni neema. Lakini ikitokea waandishi wa programu wamebadilisha faili bila kubadilisha jina, nusu yako ni ya zamani na nusu inayoongezwa ni ya mpya. Ukubwa unaweza hata kulingana. Futa yote, uchukue kutoka mwanzo. Kwa porti moja tu, `make distclean` inafuta faili zake na folda yake ya kazi.

Ikiwa baada ya hapo bado hailingani, sasisha mti kwanza; huenda `distinfo` yako ndiyo ya zamani. Nguzo ya mwisho ni seva ya mradi wenyewe inayohifadhi nakala za msimbo, `distcache.FreeBSD.org`, ambayo mfumo huijaribu peke yake pale chanzo asilia kinaposhindwa.

Kuna njia mbili za mkato ambazo nakusihi usizitumie. Ya kwanza ni `NO_CHECKSUM`. Ya pili ni `make makesum`, ambayo inaandika `distinfo` upya ili ikubaliane na chochote ulichonacho, hata kama ni faili iliyochezewa na mtu. Alama hizo ndizo ulinzi pekee ulio nao kati ya mashine yako na kila kilichopita njiani.

## Nifute distfiles za zamani lini?

Diski ikijaa. Zana ya kusasisha porti iitwayo portmaster ina amri `portmaster --clean-distfiles`, inayoangalia zipi hazihitajiki na porti ulizosakinisha na kukuuliza. Kama unahudumia mashine nyingine kwa distfiles zako, usiiruhusu ifute bila kusoma.

## Saa ya mashine inahusikaje?

Inahusika sana, hasa kwenye kompyuta zilizotumika zinazoletwa toka nje. Betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi ikifa, kila umeme unapokatika saa inarudi miaka nyuma. Kisha mambo mawili hutokea. Git na pkg (zana ya kusakinisha vifurushi vilivyo tayari) zinakataa kuunganishwa, zikidai cheti cha seva bado hakijaanza kutumika. Na `make`, inayoamua nini kijengwe upya kwa kulinganisha saa za faili, inaona faili za jana zimetoka siku zijazo. Inaruka vinavyohitaji kujengwa au inarudia vile vile bila mwisho. Ukiona onyo la `Clock skew detected`, acha kujenga.

```
sysrc ntpd_enable=YES ntpd_sync_on_start=YES
service ntpd restart
date
```

Safisha `work` baada ya saa kukaa sawa, kwa sababu faili zilizoandikwa na saa mbovu bado zina tarehe mbovu. Na nunua betri.

## Porti niliyoizoea imetoweka.

Haikupotea, imehama jina au imeondolewa. Tafuta:

```
grep '^devel/jina-la-zamani|' /usr/ports/MOVED
```

Mstari utakuonyesha jina la zamani, jina jipya, tarehe na sababu. Palipo patupu kwenye jina jipya, porti imefutwa. Soma pia `/usr/ports/UPDATING` kuanzia tarehe uliyosasisha mara ya mwisho. Hatua za mkono zinazohitajika zimeandikwa humo, na ni bora kuzisoma kabla ya kujenga.

## Utafutaji unaonyesha matoleo ya zamani ingawa mti ni mpya.

Faili ya INDEX, mfano `INDEX-14`, haisasishwi na git. Ingia `/usr/ports` na uandike `make fetchindex`. Kwa upande wa vifurushi vilivyo tayari, `pkg update -f` inalazimisha orodha ichukuliwe upya.

## Chaguo nilizoweka zamani zinaleta kosa.

Porti ikibadilisha chaguo zake, uamuzi wako wa miaka ya nyuma bado umo ndani ya `/var/db/ports`. `make rmconfig` unaufuta, `make config` unauliza upya. Tazama pia `DEFAULT_VERSIONS` kwenye `/etc/make.conf`: mtu aliyeganda kwenye toleo la PHP au la Python ambalo mradi umeshaliondoa atapata kosa kwenye porti nyingi kwa mkupuo, na atadhani mti mzima umeoza.

## Programu inasema maktaba fulani haipatikani, lakini naiona kwenye diski.

Soma namba mwishoni mwa jina. Programu inataka `.so.8`, wewe una `.so.9`, au kinyume chake. Chanzo cha kawaida ni kuchanganya matawi. Kwa kawaida `pkg` kwenye toleo rasmi la mfumo huchukua vifurushi vya tawi la robo mwaka, wakati `git clone` ya kawaida inakupa tawi `main` lililo mbele zaidi. Ukijenga porti moja kutoka `main` juu ya vifurushi vya robo mwaka, maktaba zitagongana. Chagua upande mmoja. Majina ya matawi hayo hufuata mwaka na robo, kwa mfano `2025Q4`, na unaweza kuchukua mti wake kwa `git clone --depth 1 -b 2025Q4`. Robo mpya ikianza, nawe uhame. Tawi lililopita haliendelezwi.

Kujua maktaba zisizo na mwenyewe:

```
find /usr/local/lib -name '*.so*' | xargs -n1 pkg which 2>&1 | grep 'not found'
```

Usizifute papo hapo. Folda ya `/usr/local/lib/compat/pkg` ndiko portmaster na portupgrade huweka maktaba za zamani kwa makusudi, ili programu zisife kabla hazijajengwa upya. Jenga kwanza zinazozitegemea.

Ukipanda toleo kubwa la mfumo, tuseme kutoka 13 kwenda 14, usichague moja moja. `pkg-static upgrade -f` inasakinisha vifurushi vyote upya, na porti ulizojenga mwenyewe zijengwe tena.

## Nina ofisi Kampala na nyingine Arua yenye mtandao dhaifu. Nisasishe vipi kwa flashi?

Usinakili mti. Faili ni nyingi mno na ndogo mno, na flashi ya FAT haijali tofauti ya herufi kubwa na ndogo wala haihifadhi ruhusa za faili, kwa hiyo kitakachofika si mti ule ulioutuma. Git ina njia yake inayobeba tofauti pekee, ndani ya faili moja.

Baada ya Arua kupata mti wa kwanza, weka alama Kampala:

```
git -C /usr/ports tag -f arua main
```

Siku ya kutuma:

```
git -C /usr/ports pull --ff-only
git -C /usr/ports bundle create /mnt/ports.bundle arua..main
```

Flashi ikipanda basi na kufika Arua:

```
git -C /usr/ports bundle verify /mnt/ports.bundle
git -C /usr/ports pull --ff-only /mnt/ports.bundle main
```

Arua wakithibitisha kuwa imeingia, sogeza alama ya Kampala kwa amri ile ile ya `tag -f`. Usiisogeze kabla, kwa sababu flashi ikipotea njiani, faili itakayofuata itakuwa na pengo, na `verify` itaikataa. Kwa njia hii kilichofutwa na mradi kinafutika Arua pia.

Distfiles zitume pamoja. Kampala endesha `make BATCH=yes fetch-recursive` kwa porti zinazohitajika, kisha zibebe kama faili za kawaida. Ndani ya ofisi moja yenye mashine nyingi, mti unaweza kusambazwa kwa `rsync -a --delete`. Bila hiyo `--delete` umerudi kwenye kunakili juu, na mabaki yatarudi nayo.

## Git inalalamika kuhusu umiliki wa folda.

Mti ni wa mtumiaji mmoja na wewe unaendesha amri kama mwingine. Git imekuwa ikikataa hali hiyo tangu 2022 kwa ajili ya usalama. Rekebisha umiliki kwa `chown -R`, au kama umiliki huo ni wa makusudi: `git config --global --add safe.directory /usr/ports`.

## Natumia OpenBSD au pkgsrc ya NetBSD. Yananihusu?

Kanuni ni hizo hizo, zana ni tofauti. Huko bado ni CVS, na herufi zake zina uzito:

```
cvs -q up -Pd -A
```

`P` inaondoa folda zilizobaki tupu, `d` inaleta folda mpya ambazo bila hiyo hutaziona kamwe, na `A` inafuta alama za tawi zilizoganda kwenye faili. Hiyo `A` itumie tu kama unataka kichwa cha mti, yaani hali yake ya karibuni kabisa. Ukifuata tawi, taja jina lake kwa `-r`. Mstari unaoanza na `C` una mgongano na faili hiyo haitajengeka hadi uutatue. Unaoanza na `?` ni wa kitu ambacho CVS haikijui, na humo ndimo viraka vya zamani hujificha. Kwenye OpenBSD, mti lazima ulingane na toleo la mfumo wenyewe, na programu ya `sysclean` husaidia kuona faili zilizopitwa na wakati baada ya kupandisha toleo.

## Nimejaribu yote. Nikiomba msaada niandike nini?

Matokeo ya amri hizi, yakiwa maandishi:

```
freebsd-version -ku
git -C /usr/ports log -1
git -C /usr/ports status
cat /etc/make.conf
pkg -v
```

Ongeza jina kamili la porti pamoja na kundi lake, na kosa la kwanza kutokea, ambalo kwa kawaida liko mistari mingi juu ya lile la mwisho. Ili ulipate, jenga ukihifadhi kila kitu: `make 2>&1 | tee /tmp/jenga.log`. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haitafutiki wala hainakiliki, na anayekusaidia labda naye yuko kwenye bando. Tuma maandishi.